Kati ya Posta na sebuleni: ofisi ya mtaani inasaidia nini hasa

Mpigie mtu wa Dar es Salaam simu saa mbili asubuhi umuulize amefika wapi. Akikujibu "nipo Mwenge hapa, nakaribia," jua yuko Tegeta, na pengine bado anatafuta soksi. Hatumwiti mwongo. Jiji hili limetuzoesha kupima umbali kwa foleni badala ya kilomita, na "nakaribia" imekuwa namna ya kuomba radhi mapema.

Kampuni nyingi ndogo za hapa, za programu za kompyuta, uhasibu, matangazo, ushauri, huduma kwa wateja, zimejaribu kuikwepa adha hiyo kwa kazi mseto: siku kadhaa mtu aje ofisini, siku nyingine afanyie kazi nyumbani. Matokeo yake ni mvutano tunaoujua. Bosi anataka watu warudi Posta, katikati ya jiji, wafanyakazi wanataka waachwe nyumbani, na katikati limeingia wazo la tatu: ofisi ndogo ya mtaani, ya kuchangia na wengine, karibu na wanakoishi watu. Wanaoliuza wazo hilo hulipamba kwa kahawa na viti vya rangi. Wanaolipinga husema ni kulipia meza mara mbili.

Nadhani pande zote mbili zinafunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja. Kuna safari. Kuna mazingira ya kazi, yaani umeme, intaneti, meza na utulivu. Na kuna kuwa pamoja. Posta inakupa mazingira na wenzako, lakini safari inakumaliza. Sebule inakuondolea safari, kisha mara nyingi inakunyima hayo mengine mawili. Ofisi ya mtaani inakupunguzia safari na kukupa mazingira karibu bila jasho. Kuwa pamoja haikupi. Hilo inabidi timu ijitengenezee, na ndipo wengi hupigwa.

Kabla ya hapo, historia kidogo, maana wengi hudhani ofisi hizi ni mtindo uliozaliwa wakati wa korona. Mwaka 1973 huko Marekani, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyekuwa akikerwa na foleni za Los Angeles, alianza kutafiti namna ya kupeleka kazi kwa mtu badala ya kumpeleka mtu kwenye kazi. Alifanya jaribio na kampuni ya bima. Wafanyakazi wake hawakubaki nyumbani, kwa sababu kompyuta za nyumbani zilikuwa bado hazijawa kitu cha kawaida. Walikwenda kwenye ofisi ndogo za tawi karibu na makazi yao, na kazi yao ikatumwa makao makuu kwa njia ya simu. Kwa hiyo wazo la kwanza kabisa la kufanya kazi mbali na makao makuu lilikuwa la ofisi ya mtaani. Sebule ilikuja baadaye.

Saa zinazoishia barabarani

Tufanye hesabu ya haraka. Tuseme mtu wa Bunju anatumia saa moja na nusu kufika Posta na muda uleule kurudi. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni saa 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Maana yake mtu huyu, kila mwezi, anafanya karibu wiki moja na nusu ya ziada akiwa ameshika bomba la daladala, bila malipo, na mwajiri wake hapati hata barua moja kutokana nayo. Hasara ya namna hiyo haimfaidishi yeyote isipokuwa labda muuza karanga wa kwenye foleni.

Kuna ambao wataleta habari za mwendokasi. Kweli, mabasi yale yaliyoanza Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 21 kutoka Kimara yamewapunguzia wengi maumivu. Lakini ikinyesha ya kutosha, Mto Msimbazi ukapanda Jangwani, barabara ya Morogoro hufungwa, na basi lenye njia yake peke yake husimamishwa na maji yaleyale yanayomsimamisha mwenye bajaji. Wakati wa masika, timu inayotegemea ofisi moja mjini inategemea pia hali ya hewa.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo matangazo hayaligusi: ofisi ya mtaani, lakini mtaa wa nani?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wamesambaa kufuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Zote nne zinaelekea mjini kama vidole vinavyorudi kwenye kiganja. Timu ya watu kumi inaweza kuwa na watatu Mbezi Beach na Tegeta, watatu Kimara na Goba, wawili Kinyerezi, mmoja Mbagala, mmoja Kigamboni. Ukikodi ofisi nzuri Mbezi Beach kwa sababu mkurugenzi anaishi hapo, umemwondolea yeye safari na kumwongezea yule wa Mbagala. Nimeshuhudia hilo likiitwa "kusogeza ofisi karibu na watu." Karibu na mtu mmoja, walipaswa kusema.

Wapo wanaojibu kwa kutafuta vituo viwili au vitatu vidogo, kila kimoja kwenye barabara yake, na kila mtu aende kilicho jirani naye. Hiyo inafaa kwa kazi inayohitaji utulivu zaidi kuliko mazungumzo. Njia nyingine ni kuangalia barabara zinazozikata zile nne. Sam Nujoma inaunganisha Mwenge na Ubungo, kisha Mandela inatoka Ubungo inapita Buguruni na TAZARA hadi Kurasini. Ofisi iliyo jirani na mkanda huo inafikika na mtu wa Tegeta bila kupita Morocco, na wa Kimara bila kupita Magomeni. Wa Kigamboni anavuka Daraja la Nyerere, anatokea Kurasini, anaipata Mandela bila kusubiri pantoni. Sam Nujoma yenyewe si peponi, na makutano ya Buguruni yana mambo yake. Hata hivyo hakuna anayelazimika kumaliza barabara yake mpaka mwisho, na ni kile kipande cha mwisho cha kuingia mjini ndicho kinachokula muda.

Zingatia pia upande wa foleni. Asubuhi magari yanaingia mjini, jioni yanatoka. Anayekwenda kinyume, tuseme kutoka Sinza kwenda Mbezi ya Kimara, anaona upande wa pili wa barabara ukisota huku yeye anapeta. Timu nyingi hupanga mahali kwa kupima umbali kwenye ramani ya simu saa nane mchana. Pima saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu.

"Si upo nyumbani?"

Wanaosema nyumbani panatosha mara nyingi wana chumba cha ziada. Ni watu wazima, wana nyumba zao Salasala au Madale, mlango unafungwa, feni inazunguka. Kijana wa miaka 25 aliyepanga chumba kimoja Manzese, choo cha kuchangia na wapangaji sita, hana chumba cha ziada. Kitanda ndicho kiti chake na stuli ndiyo meza. Mkutano wa mtandaoni ukianza anazima kamera, na wenzake wanadhani hayupo makini, kumbe anaficha ndoo.

Na kuna suala la watu wa nyumbani wenyewe. Kwetu, mtu aliyepo nyumbani mchana hana kazi, hata akiwa ameinamia kompyuta tangu alfajiri. Shangazi aliyetoka Morogoro atataka mkae mzungumze. Jirani ataleta mtoto, "nakuachia dakika tano, nakwenda sokoni mara moja." Fundi bomba, muuza mkaa, mtu wa taka, wote sasa wana mtu wa kugongea. Ukimwambia mama mkwe uko kazini atakutazama, ataitazama kanga uliyojifunga, na hatasema neno. Kwa wanawake mzigo huu ni mzito zaidi. Mwanamume akifanyia kazi nyumbani, watoto wanaambiwa baba anafanya kazi. Mwanamke akifanyia kazi nyumbani, anaulizwa mchana tunakula nini. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akisema kwamba alianza kwenda kwenye ofisi ya kuchangia, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, si kwa ajili ya intaneti. Alitaka kuvaa viatu na kuaga. "Nikishaaga," alisema, "hata ugali unajua sipo."

Kuaga huko ni faida ambayo huioni kwenye orodha ya bei. Ofisi ya mtaani inawapa watu wa nyumbani ishara wanayoielewa, na jioni inampa mfanyakazi mahali pa kuacha kazi. Anayefanyia kazi kitandani hulala nayo.

Umeme na mtandao

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa kila msomaji anayajua. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwarudisha wengi kwenye kutafuta mahali penye jenereta. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha hesabu ya nchi, lakini transfoma ya mtaa ikilipuka bwawa halikusaidii siku hiyo. Watu ishirini wakichangia jenereta au betri na inveta, gharama kwa kila mmoja inakuwa ndogo. Mtu mmoja akinunua peke yake kwa ajili ya laptopu moja, ni anasa.

Intaneti ni vivyo hivyo, isipokuwa kwa jambo moja. Ofisi nyingi hujisifu kuwa na watoa huduma wawili. Ni jambo zuri, kwa sababu nyaya za mtaani hukatwa na wachimbaji mitaro kila uchao. Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, mtandao ulidorora nchi nzima, na kuwa na watoa huduma wawili wanaotegemea mikongo ileile hakukumsaidia mtu. Siku za namna hiyo timu zilizokuwa zimekaa chumba kimoja ziliendelea na kazi kwa kuelezana kwa mdomo. Waliokuwa kila mtu kwake walikaa wakingoja WhatsApp ifunguke.

Kiti hakitengenezi timu

Sasa lile gumu.

Niliwahi kuwa kwenye timu ambayo, baada ya malalamiko mengi, ililipiwa viti vinane kwenye ofisi ya kuchangia. Tulifurahi sana. Mwezi wa kwanza kila mtu alikwenda siku aliyoitaka. Mimi Jumanne na Alhamisi, mwingine Jumatano, mbunifu wetu alipenda Ijumaa asubuhi kwa kuwa palikuwa kimya. Mwezi ulipoisha tuligundua kwamba hatukuwahi kukaa zaidi ya watu watatu pamoja. Tulikuwa tumetoka kwenye vyumba vyetu tukaenda kukaa peke yetu katikati ya watu tusiowajua, tumevaa vipokea sauti masikioni, tunafanya mikutano ya mtandaoni na wenzetu waliokaa kiti kilekile jana yake. Mwezi wa tatu malipo yalisitishwa, na taarifa ikasema ofisi za kuchangia hazifai kwa kazi yetu.

Hazikupata nafasi ya kufaa. Kuna utafiti wa zamani ambao bado unatumika kueleza hili. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1977, alipima mara ngapi wahandisi wa maabara walizungumza mambo ya kazi kulingana na umbali wa meza zao. Mazungumzo yaliporomoka haraka sana kadiri umbali ulivyoongezeka, na wakishapita mita 50 hivi hali ilikuwa karibu sawa na ya watu walio mbali kabisa. Walikuwa jengo moja, lakini kila mmoja na ulimwengu wake. Umbali wa mita tunaouzungumzia hapa una ndugu yake, umbali wa siku. Kiti changu cha Jumanne na kiti chako cha Jumatano vilikuwa mbali kuliko Tegeta na Mbagala.

Anayeumia kwanza ni mgeni wa kazi. Mfikirie kijana aliyekuja kwa mafunzo ya fildi. Akikaa pembeni ya dada anayejua kazi, atamsikia akibembeleza mteja aliyekasirika, atamwona akifuta safu nzima ya hesabu na kuanza upya, atamuuliza swali la kijinga kwa sauti ya chini na kujibiwa bila mtu mwingine kujua. Mpeleke kijana huyohuyo nyumbani, swali lake linabidi aliandike kwenye kundi lenye watu thelathini akiwamo mkurugenzi. Hataliandika. Atakosea kimyakimya, na wiki mbili baadaye watasema vijana wa siku hizi hawafundishiki.

Kwa upande wa pili, madai kwamba lazima kila mtu awepo kila siku hayana mashiko makubwa. Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walichapisha mwaka 2024, katika jarida la Nature, jaribio lililofanyika kwa wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya huduma za usafiri ya Trip.com nchini China. Waliopewa siku mbili za kufanyia kazi nyumbani hawakuonyesha tofauti ya utendaji na wenzao waliokuja siku zote tano, na walioacha kazi walipungua kwa thuluthi moja. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanawake, kwa wasio mameneja na kwa wanaosafiri mbali. Ukiwatafuta watu wa namna hiyo Dar es Salaam, huhitaji utafiti. Wapo kituoni.

Kwa hiyo siri iko kwenye kukubaliana siku. Siku moja au mbili kwa wiki ambazo wote wanakuja mahali pamoja, na kazi za siku hizo zichaguliwe: kupanga, kubishana, kumfundisha mgeni, kumpokea mteja. Zile za kuandika ripoti kwa masaa zibaki kwenye siku za utulivu. Ijumaa isiwe siku ya pamoja, labda kama mikutano yote inaisha kabla ya saa sita mchana, kwa sababu nusu ya timu itakwenda msikitini na nusu nyingine itakwenda kula, na kurudi kutakuwa kwa majaliwa. Mwezi wa Ramadhani ukifika, sogezeni muda uanze na kuisha mapema. Mtu aliyefunga asikutwe na magharibi akiwa Ubungo.

Nani analipa

Hesabu ya fedha ina mtego. Watu hudhani ukiwa na timu ya kumi na mbili inayokuja siku mbili kwa wiki, unahitaji viti vitano tu. Lakini tumeshakubaliana waje wote siku ileile. Siku hiyo unahitaji viti kumi na mbili, na siku nyingine viwili vitatu. Unachokihitaji ni mkataba wa kupata chumba kizima siku mbili kwa wiki na meza chache siku zilizobaki, na wenye ofisi wengi watakubali ukiuliza. Ukichagua Jumatatu badala ya Jumatano, bei inazungumzika vizuri zaidi, maana katikati ya wiki ndipo wote wanapotaka.

Faida kubwa ya fedha kwa kampuni changa naiona kwingine. Mwenye jengo wa hapa mjini hupenda kulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Ukishatoa fedha hiyo, ukanunua viti, meza, ruta na kiyoyozi, mtaji umelala kwenye ukuta wa mtu. Ofisi ya kuchangia inalipwa kwa mwezi. Ukipungukiwa kazi, unapunguza viti.

Na upande wa mfanyakazi, tuseme ukweli. Kampuni nyingi zilipowaambia watu wafanyie kazi nyumbani, zilisema zimeokoa gharama. Gharama haikuokolewa, ilihamia kwenye Luku na bando la mfanyakazi. Mwajiri akilipia kiti mtaani anarudisha mzigo uliokuwa wake tangu mwanzo, kwa hiyo meneja asiuite zawadi.

Lipo pia la siri za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haijali kama ulikuwa kwako au kwenye meza ya kuchangia. Taarifa za mteja zikivuja, mwajiri ana maswali ya kujibu. Mtu wa mishahara asifungue jedwali lake akiwa amempa mgongo mtu asiyemjua, na simu za wateja zipigwe kwenye kibanda kilichofungwa. Ofisi isiyo na kibanda hata kimoja inafaa kunywea chai.

Ukienda kukagua mahali, usiende kwa miadi. Nenda siku ya kawaida saa tatu asubuhi, kaa na kompyuta yako, fanya kazi halisi mpaka saa saba. Sikiliza kelele za muziki wa duka la jirani. Angalia mama lishe yuko umbali gani na wali wake ni bei gani, kwani wenzako watakula hapo kila wiki. Angalia choo. Kisha mwombe msimamizi azime swichi kuu ya umeme, na wewe uhesabu sekunde mpaka taa za ruta ziwake tena. Wengine watacheka wakikuomba usubiri umeme ukatike wenyewe. Usubiri hukohuko, agiza chai.